Kompyuta ya Baba Imesema

Jumatatu, 5 Mei 2025

Asubuhi ya mvua nyembamba na baridi ya kuingia mifupani. Matope mpaka kizingitini. Sikufungua kibanda changu cha soko la Toi — nani anunue nguo za watoto kwenye mvua hii.

Nimeenda Kawangware kuchukua kompyuta ya Baba. Fundi anaitwa Mburu, ana kijiduka karibu na steji ya matatu za 46, anauza mashine zilizotolewa maofisini. Nilitaka aweke Windows. Akacheka. Alisema mashine yenyewe ni mzee, Windows itaikalia kifuani.

"Madam, wacha nikupatie Linux. Ni ya bure, haisumbui na virusi, na iko na kitu ya kusomea watu hawaoni."

Nikamwambia baba yangu si mtu haoni. Anangoja operesheni ya macho tarehe 19 mwezi ujao. Mburu akanitazama kidogo, akasema sawa, basi itamsomea mpaka hiyo tarehe.

Daftari hili ni jipya, kwa hiyo naanza kwa mpangilio. Baba amepiga taipu barua za watu kibandani kwake pale Makina tangu sijazaliwa. Barua za kazi, barua kwa chifu, barua za kuomba msamaha kwa wakwe. Presha ya macho ilimwanza mwaka juzi. Jicho la kulia lilienda lote. La kushoto linaona mwanga tu, kama mtu aliye nyuma ya pazia. Kaka yangu Elvis ndiye humpeleka kliniki, kwa sababu mimi niko sokoni kila siku. Elvis anataka Baba arudi kijijini kwetu Kimilili akae nyumbani. Baba hataki. Anasema Kimilili watamweka kwenye kiti nje ya nyumba asubuhi na kumwondoa jioni, kama mahindi yanayoanikwa.

Wamekubaliana hivi, mbele yangu. Elvis atakuja Jumamosi ya tarehe 17 mwezi huu. Akimkuta Baba anaandika barua ya mtu, atamwacha hapa Kibera. Asipomkuta anaandika, wanasafiri siku hiyo hiyo.

Kompyuta imefika salama. Boda ameifunga na mpira kama kuku wa Krismasi. Skrini nimeipakata mwenyewe.


Jumanne, 6 Mei

Mawingu, lakini hakujanyesha. Stima ipo tangu asubuhi.

Mburu alinipa flash yenye Linux ndani na maelezo kwenye karatasi. Nimefuata hatua moja baada ya nyingine. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye flash kabla hujaiweka kabisa, na hiyo ilinipa moyo. Kisha nikabonyeza Alt, ile ya alama ya Windows, na S, zote pamoja, kama alivyoandika.

Ikaongea.

Nilisimama. Kiti kilianguka. Sikutarajia sauti ya mwanamume ndani ya nyumba, tena ya Kizungu, kavu, haraka haraka. Baba kitandani akauliza ni nani ameingia. Kabla sijajibu, Adhis wa mlango wa pili alikuwa ameshafika na mwiko mkononi. Kati yetu ni bati moja tu, husikia hata tukikohoa.

"Nafuna, ni mwanaume gani huyo anakugombanisha asubuhi asubuhi?"

Nikamwonyesha kompyuta. Akaizunguka, akaangalia nyuma yake.

Kwenye karatasi Mburu alikuwa ameandika kwamba lugha inaweza kubadilishwa. Nimetafuta kwenye orodha ya sauti, lugha nyingi ambazo sijawahi kuzisikia, halafu nikaona Kiswahili. Sikuamini. Ni nani huko aliyekaa chini akafikiria sisi? Nikabonyeza. Sasa inasema Kiswahili, lakini Kiswahili cha mtu aliyefungwa pua, asiyepumua, na asiyejali kama ni habari njema au mbaya. Maneno ya Kiingereza inayasoma kama mtoto wa nasari, silabi kwa silabi. Kwenye "File" ilisema "fi-le". Baba alicheka mpaka akakohoa. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Krismasi.

Baadaye akanyamaza, akasema, "Hii ni ya vipofu, mama." Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Mimi nangoja macho. Itumie tu kunisaidia kidogo."

Jioni nimeiweka Linux kabisa. Imekubali mara ya kwanza.


Alhamisi, 8 Mei

Mvua kubwa usiku kucha, asubuhi jua la ghafla. Mtaa wetu wote wa Kambi Muru unatoa mvuke.

Niliporudi kutoka Toi nimemkuta Baba ananingoja na masharti. Nilidhani atataka kufundishwa vitufe. Hapana. Anataka kompyuta ipambwe. Anataka picha ya Mlima Elgon pale nyuma ya kila kitu. Anataka herufi kubwa, za manjano juu ya nyeusi, kwa sababu daktari aliwahi kusema macho yaliyotoka operesheni hupenda hivyo. Upau wa chini uhamishiwe juu. Saa iwekwe kulia. Ndivyo ilivyokuwa kwenye ile kompyuta ya zamani ya kibandani, na akirudi hataki kuanza kutafuta saa.

Nimefanya yote. Linux inakubali kubadilishwa kila kitu, hata umbo la mshale. Mshale nimeufanya mkubwa kama kidole.

Nilipoweka picha ya mlima, Baba akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Akageuza kichwa, akatumia ukingo wa jicho la kushoto.

"Ni samawati?"

Ilikuwa kijani. Picha ya Elgon wakati wa mahindi. Nimesema ndiyo. Halafu nikatafuta nyingine, ya mlima alfajiri ukiwa samawati, nikaiweka haraka ili nisiwe nimemdanganya.

"Naiona," akasema. "Kidogo. Lakini naiona."

Nilitoka nje nikajifanya nachota maji.


Ijumaa, 9 Mei

Baridi. Wingu limekaa juu ya mabati halisogei.

Leo ndiyo siku niliyoshtuka kwa jambo jema. Nilidhani itabidi nimshike Baba kidole kimoja kimoja. Nikamweka kitini, nikaweka mikono yake juu ya kibodi. Akapapasa, akapata vile vinundu viwili kwenye F na J, akatulia. Akasema vitufe ni laini kama uji. Kisha akaanza.

Sijui niandikeje. Vidole vilienda vyenyewe. Alikuwa anaandika haraka kuliko ile sauti inavyoweza kusoma, sauti ikabaki nyuma inamkimbiza. Mwisho wa mstari wa kwanza mkono wake wa kushoto ukapanda hewani kurudisha roli ya taipureta — taipureta aliyoiuza miaka kumi iliyopita — ukapiga kikombe cha chai. Chai yote chini. Hakusimama. Alipomaliza nikamsomea: jina lake, sanduku la posta la zamani, tarehe ya leo, na sentensi mbili za kuomba kazi ya ulinzi kwa niaba ya mtu asiyekuwepo. Kosa moja tu. Mimi nina macho mawili na kidato cha nne, na siwezi.

Akauliza, "Imeandika?"

"Imeandika, Baba."

"Basi Elvis aje, atarudi na gari lake tupu."

Nikaongeza kitu kimoja ambacho najivunia. Wateja wake wengi wana simu za WhatsApp, yeye ana kabambe ya vitufe tu. Kwa hiyo nimeunganisha WhatsApp ya simu yangu na kompyuta, na nikawasha arifa zisomwe kwa sauti. Mtu akituma "Mzee naomba barua," mashine inatangaza papo hapo. Tumejaribu na Adhis. Aliandika kutoka kwake kuwa mboga imeungua, na kompyuta ikatangaza kuungua kwa mboga kwa sauti ya taarifa ya msiba. Tumecheka sana.


Jumapili, 11 Mei

Asubuhi jua zuri. Nilianika magodoro.

Nitaandika polepole.

Baada ya kanisa alikuja Magdaline, yule anayeuza omena karibu na reli. Alitaka barua kwa shemeji zake kuhusu mtoto wao kukaa naye muhula huu. Mteja wa kwanza. Adhis naye akaja kutazama, akakaa mlangoni na sufuria ya maharagwe anachambua. Baba alivaa shati lake la kola. Shati la kwenda hospitali tarehe 19, lakini alisema mteja wa kwanza ni mgeni rasmi.

Alifanya kama zamani. Alimwomba Magdaline aseme kwanza kwa hasira yote, halafu aseme tena bila hasira, na ile ya pili ndiyo akaandika. Magdaline alipoona vidole vinaenda alisema, "Lakini mzee haangalii." Adhis akamjibu, "Wewe unaangalia na huwezi. Nyamaza ufanyiwe barua."

Alikuwa amefika aya ya pili. Kompyuta ikaacha barua katikati, ikatangaza arifa.

Elvis. Nafu uko.

Nilicheka. Baba akasema, "Mwambie niko kazini."

Ikatangaza nyingine. Nayaandika kama ilivyosema.

Elvis. Nimechoka kubeba hii kitu peke yangu.

Elvis. Hakuna operesheni tarehe kumi na tisa.

Niliruka. Najua vitufe vya kuizima ile sauti, ni vile vitatu, nimeviandika mwenyewe kwenye karatasi ukutani. Mikono yangu haikwenda kwenye kibodi. Ilikwenda kwenye skrini. Niliizima skrini. Kioo kikawa cheusi, mlima ukapotea, na ile sauti ikaendelea vile vile, ndani ya giza, haina haraka.

Elvis. Daktari alisema mwezi wa tatu mshipa wa jicho umekufa yote mawili hakuna kitu ya kupasua.

Elvis. Usimwambie mzee. Nitamwambia tukifika nyumbani.

Ndipo nikapata waya wa ukutani nikauvuta.

Magdaline alikuwa ameshika mkoba kifuani. Adhis aliinuka, akashika sufuria yake, akamshika Magdaline mkono, wakatoka. Dakika hiyo hiyo redio ya Adhis ikawaka upande wa pili wa bati, sauti juu kabisa. Hapa ndivyo tunavyofanya. Ukisikia ya jirani ambayo hukupaswa kuyasikia, unafungua redio ili ajue husikii tena.

Baba hakusogea. Vidole vilikuwa bado juu ya F na J.

"Nafuna." Hakuniita mama. "Irudie."

Nikamwambia nimezima stima.

"Washa. Nataka kusikia kama imesema yote mawili."

Sikuwasha. Nilipiga magoti nikamshika magoti yake. Nikamwambia sikujua, naapa Baba, sikujua. Aliuliza tu barua ya Magdaline imepotea au ipo. Nikasema sijui.

"Angalia kesho," akasema. "Mtu asipoteze barua yake kwa ajili yetu."

Amevua shati, amelikunja mwenyewe vizuri. Amelala amevaa viatu.


Jumatatu, 12 Mei

Mvua tangu alfajiri.

Baba hajala. Chai ameshika tu mpaka ikapoa. Nimempigia Elvis mara nyingi, hashiki. Nimeenda Kawangware kwa duka la hadiwea anapofanya kazi.

Alikuwa anapima misumari kwenye mizani. Aliponiona akajua. Alimwacha mteja hapo hapo tukasimama nyuma, kwenye simenti.

Nimemuuliza tangu lini. Akasema tangu mwezi wa tatu. Miezi miwili! Miezi miwili anakuja kwetu Jumapili, anakula ugali wangu, anamsikiliza Baba akipanga atakavyofungua kibanda, na anatikisa kichwa kukubali. Nimemwambia yeye ni mtu wa ajabu. Nimemwambia maneno mengine ambayo siandiki.

Alingoja nimalize. Kisha akasema, "Ungemwambia aje, Nafu? Tukitoka kliniki alinishika mkono, akaniuliza, 'Daktari amesema tarehe gani?' Hakuniuliza kama kuna operesheni. Aliniuliza tarehe. Nikasema kumi na tisa mwezi wa sita. Ilinitoka tu."

Tarehe ilimtoka tu. Hakuna hospitali iliyotoa hiyo tarehe. Nimeizungushia duara kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu. Nimemwombea Baba kanisani kwa tarehe hiyo. Nimepamba kompyuta nzima kwa tarehe hiyo.

Nikamwambia jinsi Baba alivyojua. Kwamba mashine ilisoma, mbele ya wateja. Elvis alikaa chini kwenye mfuko wa simenti, akaweka mikono kichwani.

"Kompyuta imemwambia," akasema. "Si mimi. Kompyuta."

Hakulia. Alirudia hivyo tu. Mwenye duka akamwita, akaenda, akapima misumari ya mtu.

Amesema Jumamosi bado anakuja. Tayari amepiga simu nyumbani, ami ameshatengeneza paa la nyumba ya Baba. Anasema sasa ndiyo kabisa, kwamba mtu aliyepata habari kama hiyo hakai kwenye chumba kimoja Kambi Muru na mfereji wa maji machafu mlangoni, akijikwaa. Nimemjibu kwamba yeye na Baba walikubaliana mbele yangu: Baba akiandika, anabaki. Akanijibu, "Alikuwa anaandika akingoja macho. Ataandika tena akijua hayaji?"

Nimetembea mpaka nyumbani kwa miguu nikitafuta la kumjibu.


Jumanne, 13 Mei

Ukungu asubuhi, huwezi kuona choo kutoka mlangoni. Baadaye manyunyu.

Barua ya Magdaline ipo. Linux ilikuwa imeihifadhi yenyewe, nilipoifungua iliniuliza kama nataka kuirudisha. Imekatikia katikati ya neno. Nimemwambia Baba. Akaitikia kwa kichwa, hakusogea kitandani.

Nilienda Toi kwa sababu lazima mtu aende. Sikuuza kwa akili. Nilimpa mwanamke mmoja soksi mbili za rangi tofauti, akarudi akanicheka.

Nilirudi mapema. Adhis alinisubiri njiani, kwenye kona ya mama wa chapati. Akasema, "Mzee wako ameinuka. Nimemsikia anasogeza kiti. Sikuingia."

Nimemkuta kitini mbele ya mashine iliyozimwa. Amenyoa ndevu, peke yake, na amejikata chini ya sikio. Karatasi zake za kufutia makosa ya taipureta ziko pembeni, ingawa hakuna kinachofutwa kwa karatasi humo.

"Washa," akasema. "Zima hizo za simu yako. Sitaki kusikia simu ya mtu."

Nimezima arifa. Nimeitenganisha kabisa na WhatsApp.

"Sasa ifanye isome kila neno nikilimaliza. Siwezi kungoja mstari mzima, nasahau nilichoandika."

Nimebadilisha hiyo kwenye mipangilio. Nikamuuliza kama anataka kumalizia barua ya Magdaline. Akasema ya Magdaline ni kesho asubuhi, mwambie aje. Kisha akaniambia nitoke nje, mtu haandiki barua yake binafsi huku amesimamiwa.

Nikatoka nikakaa chini ya ukingo wa paa, pale matone hayafiki. Sikukusudia kusikiliza. Lakini bati ni bati. Kila neno analolimaliza, ile sauti inalisema, na mtaa wote unaweza kusikia. Yeye ndani anadhani yuko peke yake na mashine. Niliinuka niende nimwambie. Sikwenda.

Alianza na anwani yake, mstari kwa mstari. Tarehe. Halafu anwani ya Elvis, duka la hadiwea, Kawangware. Bwana. Elvis. Lusweti. Kwa mtoto wake mwenyewe ameandika Bwana. Ndivyo anavyoandika barua ya maana, haijalishi kwa nani.

Yahusu. Safari. Ya. Jumamosi.

Adhis alikuwa amesimama mlangoni kwake na ndoo, hainui maji wala haingii ndani.

Ninaandika. Kukujulisha. Kwamba.

Kisha sauti ya kitufe cha kufuta, mara nyingi, na mashine ikitaja kila herufi inayoondoka.

Ninaandika. Kukujulisha. Kwamba.

Akafuta tena.

Manyunyu yamegeuka mvua, nimeingia. Hakugeuka. Nimepika, amekula ugali na mboga yote, mlo wa kwanza tangu Jumapili. Ameomba na supu. Kisha amerudi kitini. Nimemwambia naweza kumwandikia, aseme tu. Amesema hapana, mama, wewe lala, hii bado naitafuta.

Nipo nyuma ya pazia. Naandika kwa mwanga wa skrini, kwa sababu yeye hahitaji taa na hakumbuki kuwa mimi nahitaji. Kila baada ya muda inasema tena yale maneno matatu, bila haraka, na inanyamaza pale pale. Nimejaribu kukisia linalofuata. Mara nadhani ni nitabaki. Mara nadhani ni niko tayari kusafiri. Anaandika haraka, Baba, hajawahi kukwama kwa barua ya mtu yeyote.

Saa tano na robo usiku. Nalala. Imesema tena: kwamba.